Maji Yanajaa Saa Ngapi?

Paukwa! Itikieni pakawa, wanangu, kisha mkae vizuri. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina karai la mafuta, ina bahari, na ina mtoto wa miaka 11 aliyefanya kazi tangu alfajiri mpaka alasiri bila kupumzika, na bado siku yake ikapotea. Mtoto huyo ni mimi.

Nilikulia Jego, kusini kabisa mwa Kwale, ukishapita Lunga Lunga na kushika njia ya Vanga, huko Kenya inakokaribia kuisha na Tanzania kuanza. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, upande wa Tanzania, ukaja kuingia baharini karibu na Vanga. Masika mvua ikinyesha sana huko kwao juu, mafuriko huja kwetu chini, hata kama mbingu yetu ni nyeupe. Kwa hiyo tangu utoto tulijua kwamba mpangaji mkuu wa kazi zetu ni maji. Saa ya ukutani ilikuwa ya pili.

Bibi yangu alikuwa mama karanga. Kama hukukulia pwani, mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza jioni kando ya njia. Nikifumba macho hata leo namwona amechutama. Anamshika tafi mkononi, anampasua mikato mitatu kila ubavu, anamsugua chumvi hadi ndani ya mikato. Kisha anachukua tone moja la maji kwenye ncha ya kidole na kulirusha karaini. Mafuta yakinyamaza, anangoja. Yakilia "chwaa", samaki anaingia. Ukichelewa hapo kidogo tu, mafuta yanaungua. Ukiharakisha, samaki anakunywa mafuta na mteja hatarudi kesho.

Lakini yote hayo yalitegemea jambo moja lililotokea mbali na jiko: chombo kufika. Ufuo wa Vanga una matope na mikoko, na maji yakipwa mashua hukaa kitako kwenye tope. Wavuvi wetu walikuwa wakiingia na maji ya kujaa. Ukiwepo pale saa hiyo, unachagua samaki. Ukikosekana, wenzako wamechagua.

Sasa sikilizeni habari ya maji yenyewe, maana hapa ndipo penye ufunguo. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 zinatoka kwa mwezi. Dunia inapojizungusha mara moja, mwezi nao umekwisha kusogea mbele katika safari yake, na dunia inabidi ijizungushe kidogo zaidi ili kuufikia. Ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Hapo kati ya maji kupwa na maji kujaa, pwani yetu hupata tofauti ya zaidi ya mita 3, na kilele cha kujaa huwa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Baada ya wiki huja maji mafu, na kilele kimehamia saa nne, asubuhi na usiku.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya bamvua. Bibi aliitwa kwenye msiba upande wa Kiwegu, akaniachia pesa kwenye kifundo cha leso na neno moja: "Adhuhuri ikishapita, uwe Vanga."

Nikaamka na ari. Nikafagia uwanja, tena nikaufagia upya kwa kuwa majani ya mwembe yalikuwa yameanguka tena. Nikateka maji, mitungi yote. Nikafua sare ya shule. Nikapanga kuni, ndogo upande huu, kubwa upande ule. Kila nikimaliza kazi moja nilihisi raha ya kuimaliza, na ile raha ikanisukuma kutafuta kazi nyingine ndogo niimalize pia. Vanga nilikuwa nayo kichwani muda wote. Nilikuwa nikijiambia, niitoe hii kwanza, kisha nitakwenda nikiwa sina deni.

Nilipofika, vyombo vilikuwa vimetulia majini na nyavu zimeanikwa. Mvuvi mmoja mzee aliniangalia, akanionyesha ndoo tupu kwa mkono. Sikuhitaji kuuliza.

Jioni ile karai letu lilibaki limening'inia ukutani. Wateja wawili walikuja na sahani zao, wakarudi nazo. Nilikaa mlangoni nikitazama uwanja ulivyofagika vizuri, na nikauchukia.

Bibi aliporudi nilimweleza huku nalia. Nikamtajia kazi zote nilizofanya, moja baada ya nyingine, kama shahidi anayejitetea. Hakunigombeza. Alichukua ukili wake, akaniwekea na mimi miyaa pembeni, tukaanza kusuka. Baada ya muda akaniuliza: "Kufagia, ungefagia usiku huu, uwanja ungekataa?" Nikasema hapana. "Sare, ungefua kesho Jumapili?" Nikasema ndiyo. "Na samaki?"

Hilo ndilo swali alilonipa, na sijaona bora zaidi. Usiulize kwanza kazi ipi ni kubwa, wala ipi ni rahisi, wala ipi umeitwa nayo kwa sauti kali. Uliza ipi itaondoka na maji. Na jibu hubadilika, jambo ambalo watu wengi husahau wakijiandikia ratiba moja ya mwaka mzima. Wiki ya maji mafu, vyombo viliingia asubuhi, na bibi aliipindua siku yake yote: Vanga kwanza, kuni baadaye, kufua jioni. Wavuvi wa dagaa nao waliishi hivyohivyo kwa kufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Wavu uliotoboka siku ya tatu ya giza ulifungwa haraka kwa fundo tu. Kushonwa sawasawa kuliwekewa siku zake.

Nyinyi mna shida ambayo sisi hatukuwa nayo. Simu hulia kwa sauti ileile kwa kila jambo, na hufanya kila ujumbe uonekane kama chombo kinachoondoka. Hebu uangalie ujumbe huo baada ya Isha. Utaukuta palepale.

Lakini ningewadanganya nikiishia hapo, kwa sababu kuna kazi ambazo hazina maji ya kuzikimbiza, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi ninapotazama nyuma. Mwaka 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alizungumza katika hotuba juu ya tofauti ya mambo ya haraka na mambo ya maana, na kwamba mara nyingi hayakai pamoja. Bibi hakumsikia Eisenhower, ila alikuwa na minazi. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miaka 60 na zaidi. Hakuna siku hata moja katika maisha yako ambayo kupanda mnazi ni jambo la dharura. Usipopanda leo, hakuna atakayekuja na sahani tupu. Kila mwaka masika yakianza, kabla hata ya mahindi, bibi alichimba mashimo mawili, akaweka miche miwili, basi. Mingine ilikufa. Iliyobaki ndiyo iliyonilipia karo ya sekondari. Kusoma kurasa chache kila usiku ni kazi ya namna hiyo. Kukaa na mzazi aliyezeeka pia. Zinyime kazi hizi hata nafasi ya mashimo mawili kwa mwaka, na utakuja kuzikumbuka ukiwa huna mahali pa kuegemea.

Hata mapumziko yalikuwa na nafasi yake. Wazee wa Kimijikenda, Wadigo wakiwemo, walihesabu wiki ya siku 4, na siku moja kati ya hizo jembe halikuguswa. Siku hiyo haikungoja mtu achoke kwanza.

Na siku yenyewe, kwetu, huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Mimi naipenda sana hesabu hii, maana inakupa usiku mzima wa kuijua siku yako kabla hujaifanyia kazi. Kwa hiyo bibi alipanga baada ya Magharibi, akiwa na ukili mkononi, bila kalamu. Ukili ni kazi nzuri kwa saa hiyo. Unauacha popote na kuushika popote, unaviringwa kidogokidogo mpaka siku moja unatosha mkeka.

Usiku ule wa karai tupu tulisuka kimya. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Leo yamejaa saa kumi. Kesho yanajaa saa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Saa kumi na moja kasoro dakika kumi."

"Basi kesho tuna nafasi ya kufua leso," akasema, na akaongeza mwaa mwingine.