Kliniki ya Filimbi: Kinachofanyika na Anayefaa Kuhudhuria

Neno "kliniki" huwapeleka wazazi wengi moja kwa moja kwenye mizani ya watoto na kadi ya chanjo. Kliniki ya filimbi haiko mbali sana na hiyo: mwanafunzi hupiga kipande kifupi mbele ya mkufunzi, wenzake wakisikiliza, naye mkufunzi hutafuta kasoro ilipo na kuirekebisha papo hapo. Warsha huwalenga walimu wa muziki, ili waweze kuitambua kasoro hiyo wenyewe mkufunzi akishaondoka.

Haja yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto ambaye filimbi yake hupiga kelele kali badala ya sauti huambiwa upesi kuwa hana kipaji, na wengi huiacha hapo. Mara nyingi chanzo ni kidole chembamba kisichoziba tundu sawasawa. Pumzi ikivuja, hata kidogo, sauti huruka au hukatika. Kwa filimbi ya kupulizwa ubavuni, tatizo huwa midomo, kwa kuwa pumzi sharti igonge ukingo wa pili wa tundu la kupulizia. Anayepuliza kwa nguvu kupita kiasi hupata kizunguzungu kabla ya kupata sauti, ndiyo maana wanaoanza hupumzishwa mara kwa mara.

Walimu hunufaika zaidi na somo la kutengeneza filimbi za mianzi, ambazo shule huweza kuzimudu. Mwanzi mfupi hutoa sauti ya juu, mrefu hutoa ya chini. Tundu likipanuliwa, sauti hupanda. Kwa hiyo hutobolewa dogo kwanza, kisha hupanuliwa polepole huku sauti ikilinganishwa na ala nyingine. Aliyepitiliza hulipunguza kwa nta. Filimbi ya mwanzi haianikwi juani, hupasuka. Ya plastiki huoshwa kwa maji na sabuni kabla ya kupokezwa mtoto mwingine.

Wanaotaka kuendelea zaidi wanaweza kuulizia mafunzo ya muziki katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981.

Mzazi aanze kwa mwalimu wa muziki wa shule. Shule nayo huwasiliana na Afisa Utamaduni. Mwanafunzi asiye na filimbi asizuiwe nyumbani. Msikilizaji naye husikia kosa la mwenzake likirekebishwa, na mara nyingi ndilo lake.