Mwili Usipokuonya, Nani Atakuonya?

Kutoka Horohoro hadi baharini si mbali. Huko Moa na Jasini wapo vijana wanaopiga mbizi kutafuta pweza na kamba, tena hushindana nani atakaa chini zaidi. Mzazi, fahamu jambo hili: anayeishiwa na oksijeni majini huweza kuzimia bila kuhisi dalili yoyote.

Kwa nini mwili hauonyi?

Kinachotusukuma kuvuta pumzi si hasa upungufu wa oksijeni, bali ni wingi wa kaboni dioksaidi, yaani hewa chafu tunayoitoa. Anayehema haraka haraka kabla ya kuzama huipunguza hewa hiyo chafu, lakini akiba yake ya oksijeni haiongezeki sana. Akiwa chini hujiona mzima. Anapopanda, oksijeni hushuka upesi, naye huzimia karibu na uso wa maji.

Wapiga mbizi wa vilindini

Watafiti wengine hushuka mita 100 na zaidi, vilindi vya samaki kama silikanti, ambaye Tanga ina hifadhi yake ya bahari tangu mwaka 2009. Baadhi yao huvaa chombo kinachozungusha pumzi. Chokaa maalumu hunyonya hewa chafu, kisha oksijeni huongezwa, nao huvuta tena hewa ile ile. Nchi kavu kipimo cha oksijeni ni baa 0.21. Kikishuka chini ya 0.16, mtu aweza kuzimia, kikizidi 1.6, aweza kupata degedege. Na kwa kuwa hewa chafu imeondolewa, mwili hunyamaza.

Kwa hiyo taa ndogo huwekwa mbele ya jicho. Je, iseme kwa njia gani? Tarakimu hueleza vizuri, lakini zahitaji kusomwa. Rangi huonekana upesi, ila wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani. Wengine hutumia kumweta: mmweto mmoja wa rangi ya chungwa ni 1.0, kila mmweto wa kijani huongeza 0.1, na kila mwekundu hupunguza 0.1. Kijani mara mbili ni 1.2. Ni njia nzuri, lakini yataka kuhesabu, na ubongo uliokosa oksijeni hauhesabu.

Basi habari za kawaida zaweza kuhesabiwa, lakini hatari iwe na ishara yake pekee: mmweto wa kasi pamoja na mtetemo mdomoni, wenye maana moja tu, "Badili hewa sasa!" Na taa iliyozimika isichukuliwe kuwa salama. Huenda betri imekwisha.

Kijana wetu asiye na taa

Taa yake ni mwenzake. Tumfundishe hivi:

1. Asiheme haraka haraka kabla ya kuzama.
2. Wapige mbizi wawili kwa zamu. Mmoja chini, mwingine juu akimtazama.
3. Apumzike vya kutosha baada ya kila mzamo.
4. Wapatane ishara moja ya mkono. Asipoijibu mara moja, afuatwe.
5. Akizimia, uso wake utolewe majini, avuliwe miwani, na kama hapumui apulizwe pumzi mdomoni. Hata akizinduka, apelekwe kituo cha afya.

Kuzimia majini hakuna kelele. Anayetazama ndiye anayeokoa.