Je, Sauti Sol Walilitia Tembo Maji?

Majuma machache yaliyopita, katika darasa langu la isimu hapa Voi, nilitoa mfano wa takriri kutoka katika wimbo "Sura Yako" wa kundi la Sauti Sol. Mjadala ukazuka na somo likasahaulika. Mwanafunzi mmoja alisimama akadai kuwa kundi hilo lilipoteza hadhi yake siku lilipoacha mtindo wake wa awali. Akahitimisha kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nusu ya darasa ilimpigia makofi, nusu ya pili ikamzomea.

Dai hilo si geni. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walianza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi wa Shule ya Upper Hill, Nairobi, kwa sauti tupu bila ala. Mpiga gitaa Polycarp Otieno akajiunga nao, na mwaka wa 2005 kundi likazaliwa. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka wa 2008. Humo mna "Lazizi" na "Mafunzo ya Dunia", nyimbo zilizosukwa kwa sauti zinazopokezana juu ya gitaa, na ambazo humtaka msikilizaji atulie. Mwaka wa 2014 mambo yaligeuka. "Nishike" ilizua malalamiko kwa sababu ya picha za video yake, nayo "Sura Yako" ikaleta mapigo ya kuchezeka na kibwagizo ambacho hata mtoto wa chekechea hukidaka mara moja. Julai 2015 Rais Barack Obama aliucheza wimbo huo katika Ikulu ya Nairobi. Wapenzi wa kale walinuna, wapenzi wapya wakafurika.

Ugomvi wa namna hii umepata kutokea kwingineko. Genesis, bendi ya Uingereza, nayo ilianzishwa na wavulana wa shule, mwaka wa 1967. Mwaka wa 1972 ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika 20; mwaka wa 1986 "Invisible Touch", usiofika hata dakika 4, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mashabiki wa bendi hiyo hawajapatana hadi leo.

Nionavyo mimi, wanaogombana huuliza swali lisilofaa. Huuliza iwapo wimbo ni mwepesi au mgumu, ilhali yafaa kuuliza umebeba nini. Fasihi simulizi yetu haijapata kuidharau takriri. Hapa kwetu Taita tunao ushahidi mwingine. "Malaika", wimbo ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi, ulivuma kwa sauti ya Fadhili William Mdawida, mwana wa Taita. Maneno yake mwanafunzi wa darasa la tatu huyaelewa. Hata hivyo yamebeba uchungu wa kijana ambaye umaskini umemnyima mke. Chombo ni chepesi, mzigo ni mzito.

Nina sababu yangu ya kulijali jambo hili. Nilipoanza kufundisha, mihadhara yangu ilijaa istilahi nzito, nami nilijiona msomi kwelikweli. Baadaye nikajifunza kusema kwa lugha nyepesi. Mwenzangu mmoja akanilaumu kuwa nashusha kiwango, nami nikampuuza. Lakini muhula mmoja niliiondoa kabisa mada ya toni, kwa kuwa wanafunzi waliilalamikia. Kidawida, lugha ya mama ya wengi wao, ni lugha ya toni. Niliwanyima ufunguo wa lugha yao wenyewe, kisha nikajidanganya kuwa nimewarahisishia masomo. Ukweli ni kwamba sikuitengeneza njia, niliupunguza mzigo. Siku hiyo tembo langu lilikuwa na maji.

Kwa kipimo hicho, sioni mengi ya kuitetea "Nishike". Lakini mwaka wa 2018 kundi lilitoa "Tujiangalie" pamoja na Nyashinski. Kwa maneno ya kila siku, wimbo huo uliyagusa madeni ya taifa, siasa zetu na unafiki wetu sisi raia. Kundi lililouza wepesi lilikuwa limejifunza kuubebesha uzito. Sidhani kwamba ujumbe ule ungewafikia vijana wengi kiasi kile kama kundi lingebaki na hadhira yake ya 2008.

Novemba 2023 Sauti Sol walifanya maonyesho yao ya kuagana jijini Nairobi, kila mmoja akashika njia yake. Mjadala umebaki kwetu, nasi walimu na wanafunzi hatuna budi kuuendeleza kwa haki. Yule mwanafunzi wangu nimempa kazi: asikilize "Mafunzo ya Dunia" na "Tujiangalie", kisha aniandikie kila wimbo umebeba nini. Nami, muhula huu, nimeirudisha mada ya toni.