Jinsi Watumishi wa Haki Wanavyoandaliwa

Vijana wengi wapitao mbele ya mahakama ya Runyenjes, mji ulio katika barabara itokayo Embu kwenda Meru, hudhani kwamba kazi ya kuamua makosa ya jinai ni ya hakimu na wakili peke yao. Sivyo. Shauri moja hupita katika mikono ya watu wengi, na mmoja wao akikosea, kazi ya wenzake wote huharibika.

Mathalani, magunia ya kahawa yameibwa usiku katika ghala. Askari polisi afikapo, yampasa azuie watu wasikanyage nyayo, aandike aliyoyaona pamoja na saa yake, na kukitia alama kila kielelezo. Akimkamata mtu, Katiba ya mwaka 2010 yamwamuru amweleze sababu upesi kwa lugha aifahamuyo, na kumfikisha mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Au, zikiisha wakati mahakama imefungwa, siku ya mahakama ifuatayo.

Ikiwa gunia halikutiwa alama, ni nani atakayeapa kwamba ndilo lile lililoibwa? Mwizi aweza kuachiliwa. Lililo baya zaidi, mtu asiye na hatia aweza kufungwa, watoto wake wakakosa karo na shamba lake likaota magugu.

Kwa sababu hiyo kila kazi ina mafunzo yake. Askari polisi hufunzwa Kiganjo, karibu na Nyeri, na askari wa magereza hufunzwa Ruiru. Atakaye uwakili husoma kwanza shahada ya sheria katika chuo kikuu, kisha huingia Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1963. Wala vitabu havitoshi: yampasa pia kutumika miezi 6 chini ya wakili mzoefu, akijifunza kuandaa hati, kusikiliza wateja, na kusimama mbele ya hakimu kwa adabu. Mahakimu nao huchaguliwa miongoni mwa mawakili.

Yuko pia afisa wa probesheni, ambaye watu wachache humfahamu. Yeye huenda hata nyumbani kwa mkosaji, huulizana na jamaa na majirani, kisha humpelekea hakimu taarifa kabla ya hukumu kutolewa. Kwa sheria ya mwaka 1998, mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kuamriwa kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Taarifa ikiandikwa kwa uvivu, hakimu atapotoshwa.

Kujifunza kwa namna hii si jambo geni kwa Waembu. Hapo kale mtu hakuwa mwamuzi katika kiama kwa siku moja. Alisikiliza wazee kwa muda mrefu kabla ya neno lake kupewa uzito.

Basi mwanafunzi atamaniye kazi hizi aweza kuanza sasa. Na aandike habari ya jambo alilolishuhudia, labda ugomvi wa sokoni, akitenga aliyoyaona kwa macho yake na aliyoambiwa na wengine. Tena ajizoeze kutunza siri. Asiyeweza kutenga mambo hayo mawili akiwa shuleni, atamdhuru mtu siku atakapovaa sare.