Gari Lililoongezwa Nguvu Huuzwa kwa Ukweli

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo kuna bidhaa moja inayokwenda kinyume na methali hiyo, nayo ni gari la mbio lililotumika kwa miaka mingi na kurekebishwa na mwenyewe apendavyo. Turbo yake si ile iliyotoka nayo kiwandani, bomba la moshi limepanuliwa, springi zimefupishwa na ringi zinang'aa kama kioo. Kadiri linavyovutia macho ndivyo mnunuzi anavyozidi kujiuliza limeendeshwa vipi, na ni fundi gani aliyeifungua injini yake.

Leo nataka tuzungumzie jinsi mwenye gari la namna hiyo anavyoweza kuliuza mwenyewe, bila dalali, akapata bei ya haki na kisha akalala usingizi.

Hapa Kenya mfano ulio karibu ni Subaru Impreza WRX. Gari hilo lilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa ndani ya Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Vijana waliosimama vumbini kulitazama likipita, leo ni watu wazima wenye mishahara. Aidha, sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi miaka 8, kwa hivyo Impreza za miaka ile ni hizi hizi zilizomo. Hakuna nyingine zitakazoshushwa Kilindini. Wanunuzi basi wapo. Swali ni wanalipia nini.

Jambo la kwanza ni kwamba hawalipii gharama zako. Mpwa wangu alipotaka kuuza Subaru yake, aliniletea karatasi yenye hesabu ya kila kitu alichofunga, akataka jumla hiyo iongezwe juu ya bei. "Mjomba, pesa zangu zimo mle ndani," akasema. Nilimweleza kwamba wanunuzi ni wa aina mbili. Yupo anayetaka gari lilivyotoka kiwandani, naye hupiga hesabu ya kulirudisha lilivyokuwa na kuitoa kwenye bei yako. Yupo pia anayependa marekebisho, lakini anataka ya kwake. Wote wawili wanapunguza, hakuna anayeongeza. Tukarudisha ringi na viti vya kiwandani alivyokuwa amevihifadhi stoo, na zile ringi za fahari akaziuza kando. Kwa hivyo, wewe unayerekebisha gari leo, usitupe kifaa chochote ulichokitoa.

Jambo la pili ni injini. Kazi ya turbo ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue. Ukiongeza msukumo huo unaongeza nguvu, lakini unaongeza pia joto na mzigo juu ya pistoni, na kompyuta ya injini isipopangwa upya ili ilingane na hewa hiyo, injini hufa mapema. Mnunuzi mwerevu analijua hilo. Mwandalie karatasi inayotaja kila kilichobadilishwa, lini, na gereji gani, pamoja na risiti zake. Mwonyeshe mkanda wa taimingi ulibadilishwa gari likiwa na kilomita ngapi, kwa maana katika injini hizi mkanda ukikatika pistoni hugonga vali, na hapo hasara ni kubwa. Halafu mruhusu alipeleke kwa fundi wake mwenyewe apime mgandamizo wa kila silinda. Anayekataa kipimo hicho amekwisha kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Usifiche kasoro. Springi zilizokatwa kwa msumeno ili gari likae chini hubadilisha jinsi gari linavyoshika barabara kwenye kona na linapofunga breki. Anayelinunua huenda kesho akapakia watoto na kuelekea Nakuru. Mwambie, na ikiwezekana rudisha zile za kiwandani kabla ya kuuza. Hali kadhalika, usibandike nembo ya STI kwenye WRX ya kawaida. Kwa Impreza za Japani za kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, nambari ya chesisi yenyewe inasema: ikianza na GDA ni WRX, ikianza na GDB ni STI. Uongo unaoweza kufichuliwa kwa kufungua boneti hauna faida, na ukigunduliwa mnunuzi hataamini tena hata yale ya kweli uliyomwambia.

Jambo la tatu ni hati. Kama injini ilibadilishwa, au gari lilipakwa rangi nyingine, mabadiliko hayo yaandikishwe NTSA kabla ya kutafuta mnunuzi. Nambari ya injini isipolingana na ile iliyo kwenye logibuku, utaonekana mwizi hata kama una risiti.

Tena, usimpe mtu ufunguo na logibuku kwa ahadi kwamba atahamisha umiliki akipata nafasi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba gari likimgonga mtu usiku au likitumiwa katika uhalifu, polisi wataanza kubisha kwako, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye mtandao wa serikali, kisha mnunuzi huukubali. Fanyeni kazi hiyo mkiwa pamoja, siku hiyo hiyo ya malipo. Mbali na hayo, andikeni mkataba unaotaja tarehe, saa, bei na marekebisho yote, na kila mmoja atie sahihi mbele ya shahidi.

La mwisho ni usalama wako. Gari la mbio huvuta vijana wengi wanaotaka kulionja tu. Anayetaka kulijaribu aonyeshe kwanza kitambulisho na leseni, nawe ukae kando yake. Hakikisha pia kampuni yako ya bima inayajua marekebisho hayo, kwa sababu ulichokificha wakati wa kukata bima kinaweza kuwa sababu ya kukunyima fidia ajali ikitokea. Malipo yapitie benki, na usiachilie gari kwa sababu ya hundi au ujumbe wa simu ulioonyeshwa. Ngoja benki yako ikuhakikishie kwamba fedha zimeingia katika akaunti yako.

Wapenzi wasikilizaji, wapo watakaosema ukweli wote huu utashusha bei. Huenda ukaishusha kidogo. Lakini wa kweli akija, atakuwa amejua anachonunua, hatarudi mlangoni kwako baada ya wiki mbili akiwa na fundi na hasira, wala wewe hutashtuka kila simu usiyoijua inapolia. Hiyo nayo ni sehemu ya bei. Hadi wiki ijayo, kwaherini.