Diski ya nje ikigoma kwenye seva ya nyumbani, chunguza umeme kabla ya kuifomati

PICHA za harusi, nakala za vyeti vya shule, video za mazishi ya babu na hati za shamba ni miongoni mwa vitu ambavyo familia nyingi siku hizi huhifadhi katika diski ngumu moja iliyochomekwa kwenye kompyuta ndogo sebuleni.

Siku diski hiyo inapokataa kusomeka, hofu huwaingia wenyewe. Mara nyingi ni hofu hiyo, wala si hitilafu yenyewe, inayoteketeza kumbukumbu za miaka mingi.

Wengi hukimbilia kuifomati diski, ama huilazimisha programu ya kurekebisha faili ifanye kazi usiku kucha, ilhali kiini cha matatizo ni waya uliochakaa au adapta ya umeme iliyochoka. Ndiposa mpangilio wa hatua katika kazi hii una uzito kuliko ujuzi wa amri zenyewe.

Seva ya nyumbani ni kompyuta isiyozimwa, ambayo kazi yake ni kutunza faili na kuzigawia simu, televisheni na vipakatalishi vya jamaa wote waliomo nyumbani. Baadhi ya watu hutumia kompyuta kuukuu. Wengine hutumia bodi ndogo ya Raspberry Pi. Nyingi huendeshwa kwa Linux, mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuuunda nchini Finland mwaka wa 1991 na ambao hupatikana bila malipo.

Kwa kuwa bodi kama hizo kwa kawaida hazina nafasi ya diski ngumu ndani, diski huchomekwa kwa nje kupitia mlango wa USB. Hapo ndipo mashaka huanzia, kwani USB haikubuniwa hasa kwa diski inayofanya kazi mchana na usiku bila kupumzika.

Kusikiliza mashine kwanza

Hatua ya kwanza ni kuisikiliza mashine kabla ya kuigusa. Keneli, yaani kiini cha Linux, huandika kila tukio linalohusu vifaa vilivyochomekwa, na amri ya dmesg huonyesha maandishi hayo.

Mtumiaji aiendeshe amri hiyo, achomoe diski, aichomeke tena, kisha asome mistari mipya. Iwapo hapana mstari wowote ulioongezeka, basi kompyuta haijui kabisa kwamba kuna kifaa kilichochomekwa. Katika hali hiyo lawama ni ya waya, mlango, umeme au kasha la diski. Faili hazijahusika bado.

Ikiwa maandishi yanataja "error -71", maana yake ni kwamba mazungumzo baina ya kompyuta na kifaa yanakatikakatika, na washukiwa wa kwanza ni waya na umeme. Yakitaja "USB disconnect" bila mtu kuigusa diski, kifaa kimejikata chenyewe, na umeme haba ndio wa kuchunguzwa mwanzo.

Lakini yakitaja "Unrecovered read error", hali ni tofauti. Hapo diski yenyewe inakiri kwamba kuna sehemu ya sahani zake isiyoweza kusomeka, na kila kitu kingine kinafaa kusimamishwa hadi data inakiliwe kwingine.

Aidha, amri ya lsblk huorodhesha diski zote zilizotambuliwa pamoja na ukubwa wake. Diski ikionekana hapo kwa ukubwa wake halisi, hiyo ni dalili njema. Ikionekana kuwa na ukubwa wa sufuri, kasha linaongea lakini diski iliyomo ndani imenyamaza.

Njaa ya umeme

Viwango vya USB vinaeleza bayana kiasi cha umeme ambacho mlango mmoja wa kawaida unalazimika kutoa. Mlango wa USB 2.0 hutoa miliampea 500 kwa volti 5, nao wa USB 3.0 hutoa miliampea 900.

Diski ndogo za inchi 2.5, zile zisizo na adapta yake, hutegemea umeme huo peke yake. Zinapoanza kuzunguka, mahitaji yake huweza kukaribia ampea 1 au kuipita kwa muda mfupi. Mlango ukishindwa kukidhi haja hiyo, diski hulia kidogo, husimama, kisha hujaribu tena.

Bodi ya Raspberry Pi 4, iliyozinduliwa mwaka wa 2019, hutoa jumla ya ampea 1.2 kwa milango yake yote minne ya USB. Hivyo basi, diski moja huenda ikafanya kazi vyema kwa miezi kadhaa, na siku ya kuchomeka ya pili, zote mbili zikaanza kutoweka. Raspberry Pi 5 ya mwaka wa 2023 nayo huibana milango hiyo hadi miliampea 600 kwa jumla isipopewa adapta ya ampea 5.

Bodi hizo pia huandika onyo la "Under-voltage detected" katika maandishi ya keneli kila volti inaposhuka kupita kiasi. Anayeliona onyo hilo hana haja ya kutafuta mchawi kwingine. Chaja ya simu haifai kuendesha seva, hata kama mdomo wake unaingia.

Tiba ni kutumia adapta inayostahili, au kununua kigawi cha milango ya USB chenye adapta yake chenyewe ili diski zisiombe umeme kutoka kwa bodi.

Diski kubwa za inchi 3.5 huja na adapta yake, mara nyingi ya volti 12. Hizo pia zina kasoro yake: adapta huchoka kwa joto na kwa kupanda na kushuka kwa stima. Iliyochoka huweza kuizungusha diski bila shida, kisha ikalemewa pale faili kubwa zinaponakiliwa. Kuazima adapta nyingine yenye volti sawa, ampea zisizopungua na plagi ya aina moja, ni jaribio la dakika 5 linaloweza kuokoa diski isitupwe bure.

Waya na chipu ya kasha

Baada ya umeme, uchunguzi uelekee kwa waya. Waya mrefu au uliopindwapindwa unaweza kupitisha umeme na bado ukaharibu mawasiliano. Mtumiaji abadilishe kitu kimoja kwa wakati, yaani waya kwanza, kisha mlango, kisha kompyuta. Akibadilisha vyote pamoja hatajua ni kipi kilichokuwa na ila.

Ndani ya kasha la diski mna chipu ndogo inayotafsiri lugha ya diski iwe lugha ya USB. Baadhi ya chipu hizo hudai kuelewa UAS, mbinu ya kisasa ya kutuma amri nyingi kwa pamoja, ilhali hazielewi ipasavyo. Matokeo yake ni diski kukwama sekunde kadhaa, kisha keneli kuandika neno "uas" pamoja na "reset" mara kwa mara.

Linux ina njia ya kuikataza chipu hiyo kutumia mbinu hiyo. Amri ya lsusb huonyesha nambari mbili za utambulisho wa kasha, na nambari hizo huongezwa katika mpangilio wa kuwashia mfumo kwa kipengele kiitwacho usb-storage.quirks, kikifuatwa na herufi u. Kasi hupungua kiasi, lakini diski hutulia.

Ni vyema pia kutahadhari kabla ya kupasua kasha ili kuitoa diski. Kuna makasha ambayo chipu yake husimba data yote kwa siri, kiasi kwamba diski ikitolewa humo haisomeki kamwe. Nyingine zina mlango wa USB uliounganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski.

Mlango mtupu

Kuna hitilafu isiyopiga kelele, nayo ni hatari zaidi. Linux huzipa diski majina kama sda na sdb kulingana na zilivyotangulia kutambuliwa. Stima ikipotea na kurudi, majina hayo huweza kubadilishana, na mpangilio ulioyategemea ukaenda mrama.

Suluhisho ni kutumia UUID, yaani utambulisho wa kudumu wa kila sehemu ya diski, ambao huonyeshwa na amri ya blkid na kuandikwa katika faili ya /etc/fstab. Neno nofail likiongezwa hapo, seva itawaka hata kama diski haipo, badala ya kukwama njiani.

Hata hivyo, neno hilo lina gharama yake. Diski ikikosekana, folda iliyokusudiwa kuibeba hubaki tupu, na programu za kunakili huendelea kuandika humo kana kwamba hapana lililotokea. Faili huishia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya mfumo mpaka ijae, naye mwenye nyumba huamini picha zake ziko salama.

Ili kuepuka hali hiyo, programu ya kunakili iagizwe kuhakikisha kwanza, kwa amri ya mountpoint, kwamba diski imeunganishwa kwenye folda hiyo.

Diski inayosomeka bila kuandikika

Wakati mwingine faili huonekana zote, ila hakuna jipya linaloweza kuongezwa. Huo huwa ni ulinzi wa Linux: mfumo ukigundua kasoro, huweza kufunga mlango wa kuandika ili uharibifu usienee.

Diski zilizofomatiwa kwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, hupatwa na hali hiyo zinapochomolewa kutoka kipakatalishi ambacho hakikuzimwa kikamilifu. Dawa iliyo salama ni kuirudisha diski kwa Windows, kuikagua huko, kisha kuitoa kwa utaratibu. Kwa diski isiyohamahama, ext4 ndio mfumo unaofaa seva ya Linux.

Diski inapokuwa mahututi

Umeme, waya na chipu vikiondolewa lawama, hubaki diski yenyewe. Amri ya smartctl husoma rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, ingawa baadhi ya makasha huhitaji nyongeza ya "-d sat" ili rekodi ipite.

Mambo ya kutazamwa ni idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani nambari 5. Zinazosubiri kuamuliwa, nambari 197. Na zilizoshindikana kabisa, nambari 198. Tarakimu hizo zikiwa zaidi ya sufuri na zinazidi kupanda, diski iko safarini.

Utafiti wa wahandisi wa Google uliochapishwa mwaka wa 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulibaini kwamba diski iliyopata kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata, ikilinganishwa na isiyo na kosa. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote kati ya 4 zilizo nzito. Rekodi safi, kwa hivyo, si hati ya uhai mrefu.

Diski inayougua isiendeshewe fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa faili, kwani huandika juu ya sahani zinazobomoka. Kinachotakiwa ni kuinakili nzima kwa diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wake, kwa kutumia ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu nzima, huweka kumbukumbu ya ilipofika, kisha hurudia sehemu mbovu baadaye. Ukarabati wowote ufanyiwe nakala.

Iwapo diski inagonga kwa mlio wa kujirudia, izimwe mara moja. Kila dakika ya ziada huweza kukwaruza kilichobaki, na walio na data isiyo na kifani wawaachie mafundi wa kuokoa data.

Kinga

Stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, kila seva iliyokuwa ikiandika bila betri ya akiba ilikatwa katikati ya kazi. Kifaa cha UPS kinachoipa seva dakika chache za kujizima kwa utaratibu kinafaa kuhesabiwa kama sehemu ya seva yenyewe.

La muhimu zaidi ni nakala ya pili, katika diski nyingine, ikiwezekana katika nyumba nyingine. Nakala hiyo nayo ijaribiwe mara kwa mara kwa kufungua faili chache, kwa maana nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa picha za waliokwisha kutangulia mbele ya haki, hata ukuta hauwezi kujengwa upya.