Maana ya Jiografia ya Uchumi: Mfano wa Msowero

Neno uchumi latokana na kitenzi kuchuma, na yafaa asili hiyo ikumbukwe na kila mwenye kueleza jiografia ya uchumi. Mwenye kuchuma hana budi kuwa mahali fulani; hata mithali ya mchumia juani yampa mahali pa kuchumia na pengine pa kulia. Elimu hii, basi, huuliza: mbona kazi hii hufanyika hapa, wala si kule? Anayejibu kwa kutaja udongo na mvua tu hajafika hata nusu ya njia.

Tutazame Msowero, kata ya wilaya ya Kilosa, kwenye barabara itokayo Dumila. Wenyeji hulima mahindi na mpunga, lakini jina la Kilosa lilivuma kwa mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893. Kwa uzito, jani la mkonge lina nyuzi kiasi cha sehemu 4 tu katika 100. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani lililokatwa halingoji, kwani likikauka nyuzi huharibika. Ndiyo sababu korona, yaani mtambo wa kusindika majani hayo, hujengwa ndani ya shamba lenyewe, zikasafirishwa singa kavu peke yake. Kanuni hiyo ya uzito upoteao ilielezwa na Alfred Weber mwaka 1909, wakati reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ilipokuwa ikijengwa kuelekea Kigoma. Bila reli hiyo, hata singa zisingalifika bandarini kwa faida.

Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka katika miaka ya 1960, na mashamba mengi wilayani yakaachwa baadaye. Udongo ulikuwa ule ule, na mvua ile ile; kilichobadilika ni soko lililo ng'ambo ya bahari. Hapo pana jambo zito. Shamba huota msitu, na hati yake hubaki kwa mwenyewe, huku jirani akikosa pa kulima. Na mfugaji naye hutafuta maji na malisho ya kiangazi katika bonde lile lile. Mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyo hiyo, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Wako wasemao kwamba mambo hayo ni ya wanasheria. Sikubaliani nao. Ramani ya mazao ya Kilosa isiyoonyesha nani ana haki ya kufika mtoni, na katika mwezi gani, ni nusu ya ramani.